Machubwi yenye mikunjo na mashimo: kutafuta kosa unaposubu risasi

Chubwi la kwanza nililolisubu kwa mkono wangu, yaani kizito cha mshipi wa kuvulia nilichokimimina kwa risasi iliyoyeyushwa, lilitoka limekunjamana kama tende kavu. Ilikuwa Sahare, uani kwa ami yangu, na jambo la kwanza nililofanya ni kuilaumu risasi, madini yenyewe.

"Ami, risasi hii mbovu."

Ami alikuwa anashona wavu wa jarife, hakunyanyua hata kichwa. "Risasi haina ubovu, mwanangu. Kalibu yako baridi."

Nikaisogeza kalibu, kile chombo kinacholipa chubwi umbo, kando ya makaa, nikaiacha ishike moto, nikamimina tena. La pili likawa na mikunjo michache. La nne lilitoka laini, kingo zimesimama, hata michirizi ya tupa iliyokuwa ndani ya kalibu ikaonekana juu yake. Risasi ilikuwa ile ile.

Wavuvi wengi wa mshipi hapa Tanga wanasubu machubwi yao wenyewe, na wakipata kasoro wanafanya kama nilivyofanya: wanatupa risasi, wanatafuta nyingine, kasoro inarudi. Mimi nafuata utaratibu huu: chubwi likitoka baya, angalia kwanza joto la kalibu, kisha unyevu, kisha uchafu, na risasi yenyewe iwe ya mwisho kushukiwa. Na ubadilishe kitu kimoja tu kila unapojaribu. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na chubwi likatoka zuri, hutajua kipi kilichokusaidia, na wiki ijayo utaanza upya.

Kuna wanaouliza kwa nini tusifunge tu jiwe, nati au plagi kuukuu ya pikipiki. Wengi wanafunga, na samaki wanapatikana. Lakini fanya hesabu. Chubwi la risasi la gramu 200 likizama baharini linabaki na uzito wa gramu 182 hivi. Chuma cha gramu 200 kinabaki na 174. Jiwe la kawaida la gramu 200 linabaki na kama 124 tu, na umbo lake ni kubwa mara nne, kwa hiyo mkondo unalikamata na kulibeba. Siku za bamvua, maji yanapokimbia kati ya kisiwa cha Ulenge na mwamba wa nje, tofauti hiyo unaisikia kidoleni: mshipi wa risasi unasimama, mshipi wa jiwe unalala.

Kabla ya kuwasha moto

Hapa nitakaa kidogo, na naomba usiruke.

Risasi ni sumu. Mwili hauitumii kwa kazi yoyote, na ikiingia inajificha kwenye mifupa kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akiimeza, mwili wake unafyonza mara nne au tano zaidi ya mwili wa mtu mzima, na inayoumia ni akili yake. Majirani zetu wa Mombasa wanalijua hili kwa machungu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia sumu watu waliokuwa wakiishi ukutani kwake, watoto kwa wakubwa. Mama mmoja, Phyllis Omido, alipigania haki yao baada ya mwanawe mwenyewe kuugua, akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Wewe unasubu kilo mbili na si kiwanda, lakini ua wako ni mdogo na mtoto wako anatambaa humo humo.

Kwa hiyo, usisubu ndani ya nyumba, wala jikoni, wala barazani. Tafuta mahali pa wazi, mbali na kisima, mbali na nguo zilizoanikwa, mbali na mahali kuku wanapodonoa. Watoto na mama wajawazito wasiwepo kabisa, na kusimama mbali kidogo hakutoshi. Jua upepo unatoka wapi. Alfajiri, umande unavuma kutoka bara kwenda baharini. Baadaye mchana bahari inarudisha upepo wake, na kusi au kaskazi ikiwa na nguvu inageuka geuka kwenye pembe za nyumba. Simama upepo ukupige ubavuni au mgongoni, moshi uende zake.

Vaa viatu vilivyofunika mguu. Nimeona mtu akisubu na kandambili. Tone moja lilimwingia kati ya vidole akapoteza mwezi mzima wa kwenda baharini. Suruali ndefu ya pamba, ipite juu ya kiatu isiingizwe ndani yake, kwa sababu tone likiingia kwenye kiatu halitoki. Shati la mikono mirefu, glavu za ngozi, miwani. Nguo ya nailoni inayeyuka na kugandia mwilini, iache. Funga kitambaa kichwani ili jasho lisidondoke, maana jasho kwenye sufuria ya risasi ni maji, na maji ndiyo adui mkubwa wa kazi hii.

Maji yakigeuka mvuke yanatanuka kiasi cha mara 1,700. Tone likibaki juu ya risasi iliyoyeyuka litachemka na kurukaruka. Likiingia chini ya risasi, au likiwa ndani ya kipande unachokitumbukiza, linaipasua sufuria nzima juu kama baruti. Ndoo ya maji iwe mbali na jiko. Siku ya manyunyu usisubu, hata kama safari ni kesho.

Sufuria, kijiko na kalibu vya risasi havirudi jikoni tena maishani mwao. Mimi hutoboa mpini wa sufuria matundu mawili ili hata mgeni asiyejua asije akaichukua kupikia.

Risasi ya kusubu

Jina lenyewe lina historia: Kiswahili kinaita risasi madini haya na pia kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, kwa sababu zamani vilikuwa kitu kimoja. Nalitaja hili kwa sababu ya usalama. Ukinunua vyuma chakavu ukakuta ndani yake risasi ya bunduki yenye ganda lake, usiitie jikoni na usijaribu kuifungua. Iache hapo, toa taarifa polisi. Vivyo hivyo kwa kitu chochote kilichozibwa pande zote ambacho hukijui: hata kama hakina baruti, kinaweza kuwa na maji.

Risasi nzuri ya machubwi inatoka kwenye machubwi ya zamani yaliyokatika na kuokotwa, kwenye mabati mazito ya risasi yaliyotumika kuzuia maji kwenye majengo ya zamani, na kwenye vile vipande vinavyobandikwa kwenye rimu za gari kusawazisha magurudumu. Mafundi wa matairi kule Ngamiani wanavitupa kwenye kopo, ukiomba kwa adabu unapewa. Hivi vya rimu vimechanganywa na antimoni kidogo, kwa hiyo ni vigumu kuliko risasi tupu. Chubwi lake halibonyei haraka kwenye mwamba. Ila siku hizi vingi si risasi. Vingine ni chuma, vingine zinki. Vya zinki mara nyingi vina herufi Zn, vya chuma vina Fe. Visivyo na herufi, vipime hivi: kikate kwa kisu au kibane kwa koleo. Risasi inakubali, inaacha alama yenye kung'aa. Zinki inakataa. Kiangushe sakafuni: risasi inasema "tap" na kunyamaza, zinki inalia kama sarafu.

Risasi tupu inayeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, zinki kwa 419. Pengo hilo linakusaidia. Ukiweka moto wa wastani, risasi itayeyuka na zinki itaelea juu yake ikiwa bado ngumu, kwa sababu ni nyepesi zaidi, nawe utaiondoa kwa kijiko. Ukiuchochea moto mpaka zinki nayo iyeyuke, umechanganya, na kuitoa tena ni shida.

Betri ya gari usiiguse. Najua ndiyo risasi iliyo rahisi kupatikana, na najua kuna wanaoivunja kwa nyundo na kumwaga maji yake mchangani. Maji hayo ni asidi. Sahani zake nyingi si risasi safi, ni unga wa risasi unaoingia mapafuni na kukaa kwenye udongo. Mle ndani huwa pia kuna antimoni na aseniki, na mavi yake, yaani taka zinazoelea juu ikiyeyushwa, yakipata unyevu yanaweza kutoa gesi inayoua. Uza betri nzima kwa wanaozikusanya, pesa hiyo nunua risasi.

Na ala ya risasi iliyochunwa kwenye kebo za umeme au simu, ikiletwa kwako usiku na mtu asiyetaka kusema ameipata wapi, isikae kwako.

Kalibu

Kalibu yangu ya kila siku ni bomba la chuma la nusu inchi, nimelipasua kwa urefu kuwa vipande viwili, nikasugua kingo zake kwa tupa mpaka zikikutana mwanga haupiti. Nikitaka kusubu, navifunga kwa waya mnene au kwa jiriwa, nasimamisha kwenye kipande cha bati nene. Tundu la bomba hilo ni milimita 16 hivi, kwa hiyo kila sentimita moja ya urefu inakupa gramu 22 au 23. Sentimita 9 ni gramu 200, sentimita 11 ni robo kilo. Weka alama ya tupa ndani kwa kila kipimo unachokihitaji.

Kwa machubwi madogo ya mtu anayevua tasi na changu kwenye mwani, kuna kalibu ambayo bahari inakupa bure: mfupa wa dome. Ule mweupe, mwepesi, unaookotwa ufukweni na kupewa kasuku. Masonara wanautumia kusubu fedha na dhahabu. Uanike mpaka ukauke kabisa, ukate vipande viwili, uvisugue pamoja viwe bapa, kisha bonyeza chubwi unalolitaka katikati yake. Utaacha umbo lake kamili. Chonga njia ya kumiminia, funga, mimina. Utaungua kidogo ndani na kutoa harufu, na baada ya machubwi machache utachoka, lakini ufukwe hauishiwi.

Mti mkavu unafaa kwa mara tatu nne kabla haujaungua na kupanuka. Mchanga wa ufukweni haufai. Una chumvi, na chumvi inavuta unyevu hata ukiuanika kutwa. Kwa hewa yetu ya Tanga, mchanga uliokauka saa sita unakuwa umeshika unyevu kabla ya magharibi. Nimeona risasi ikirushwa kutoka kwenye kalibu ya mchanga kama mafuta ya maandazi. Ukitaka mchanga, chukua wa mtoni au wa shamba, uukaange kwenye karai mpaka uache kutoa mvuke.

Kusubu kwenyewe

Jiko la mkaa linatosha. Sufuria iwe ya chuma kizito au karai nene. Aluminiamu nyembamba inaweza kulegea juu ya makaa yaliyopulizwa, na kopo la rangi linaweza kuachia kitako. Usijaze. Kilo mbili za risasi hazijai hata kikombe cha chai, na mkono uliobeba kikombe hicho utashangaa uzito wake.

Weka vipande vyote sufuriani kabla ya kuwasha moto, ili kama kuna unyevu ukauke polepole huku joto likipanda. Kipande cha kuongeza baadaye kiegemeze kwanza ukingoni mwa jiko dakika kadhaa, kisha ukitie taratibu kwa koleo, usikirushe.

Ikishayeyuka utaona utando wa kijivu, klipu za chuma na taka zikielea. Toa klipu. Kisha tia kipande cha nta au cha mshumaa kama punje ya kunde, au kijiko cha unga wa mbao uliokauka, ukoroge kwa kijiko kirefu ukikwangua chini na pembeni. Itatoa moshi na pengine itawaka moto juu. Rudisha uso nyuma. Nta inarudisha kwenye risasi ile sehemu nzuri iliyokuwa imegeuka utando, na kinachobaki juu ni unga mweusi, mavi ya risasi. Yaenguke, uyatie kwenye kopo lenye kifuniko. Unga huo ndio wenye hatari zaidi ya vyote utakavyovishika siku hiyo, kwa sababu unapeperuka.

Chini ya utando risasi safi inang'aa kama kioo. Iangalie rangi yake baada ya kuiengua. Ikibaki nyeupe ya fedha kwa muda, joto ni zuri. Ikipiga haraka rangi ya dhahabu kisha zambarau na bluu, umezidisha. Punguza makaa, kwa sababu joto likizidi risasi inaanza kutoa mvuke wake na mvuke huo ndio unaovuta.

Wakati huo wote kalibu iko kando ya moto. Ndani yake umeipitisha juu ya koroboi au mshumaa mpaka ikapata utando mwembamba wa masizi. Masizi yanasaidia risasi isigandie na iteleze mpaka pembeni.

Mimina kwa mkono mmoja usiosita, mkondo mwembamba usiokatika, na ukifika juu usiondoe kijiko. Acha kilima kidogo juu ya mdomo wa kalibu. Risasi inapoganda inasinyaa kwa asilimia 3 na zaidi kidogo, na inapaswa kunywa kutoka kwenye kilima hicho. Utaona katikati yake pakizama kidogo na uso wake ukibadilika ghafla kutoka mng'ao kuwa weupe. Hesabu mpaka ishirini ndipo ufungue.

Machubwi matatu au manne ya kwanza ni ya kupasha kalibu joto. Yarudishe sufuriani bila kusikitika.

Kasoro na pa kuanzia kutafuta

Mikunjo, kingo za mviringo, umbo lisilojaa. Hii ndiyo iliyonipata mimi, na ndiyo inayoletwa kwangu mara nyingi kuliko zote. Risasi imeganda kabla haijafika pembeni. Usikimbilie kuchochea makaa ya sufuria. Pasha kalibu. Kama umeshasubu machubwi kumi mfululizo na bado yanakunjamana, ndipo uongeze joto la risasi kidogo. Kama kalibu ni ya moto, risasi ni ya moto, na mikunjo inatokea mahali pale pale kila mara, hapo pana mafuta. Kalibu mpya ya chuma huwa na mafuta ya fundi. Ioshe kwa sabuni na maji ya moto, uikaushe juu ya makaa mpaka ukitemea mate kwa mbali uone yanatoweka mara moja, kisha masizi upya. Mwenye kumimina kwa kusita naye hupata mikunjo, ila ya kwake huwa ni mstari mmoja unaozunguka chubwi, pale mkono uliposimama.

Chubwi jeupe lenye chembechembe kama limenyunyiziwa chumvi. Hiyo ni kalibu iliyopata joto kupita kiasi. Kwa chubwi haina madhara yoyote, samaki hajali. Punguza mwendo, pumzika kati ya machubwi. Ila ukifungua kalibu ya namna hiyo mapema, chubwi linakatika vipande mkononi kama mkate wa mofa, kwa kuwa ndani bado halijaganda.

Shimo juu, au chubwi jepesi kuliko kipimo chake. Umeondoa kijiko mapema, au mdomo wa kalibu ni mwembamba ukaganda kabla ya tumbo. Panua mdomo kwa tupa, acha kilima kikubwa zaidi. Shimo la ndani halionekani kwa macho. Pima kwenye mizani: kama alama yako ni gramu 200 na chubwi lina 180, kuna pango ndani. Chubwi la pango ndilo linalokatika siku ya nguru mkubwa.

Vitundu vidogo vidogo, sauti ya kuchemka wakati wa kumimina. Simama. Weka kijiko chini. Huo ni unyevu, na chubwi linalofuata linaweza kukurukia usoni. Kalibu irudi kwenye moto nusu saa nzima. Kama ni ya mti au ya mchanga, itupe. Jiulize pia juu ya kile kipande cha bati chini ya kalibu na juu ya kijiko chenyewe: kijiko kilicholala nje usiku wa masika kinashika unyevu kama kitambaa.

Ndevu kwenye maungio. Vipande viwili havijakutana. Mara nyingi ni punje ya risasi iliyoganda kwenye ukingo wa kalibu, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti. Ikwangue kwa kijiti cha mti, usitumie bisibisi, maana ukikwaruza ukingo utapata ndevu maisha yote. Ndevu zenyewe zikate kwa kisu, usizipige tupa, tupa inatoa unga.

Chubwi halitoki. Ama masizi yamekwisha, ama ndani ya kalibu kuna mkwaruzo au sehemu iliyo pana chini kuliko juu. Gonga kalibu kwa nje kwa kipande cha mti. Usichokoe chubwi kwa msumari. Kama linagandia kila mara mahali pamoja, subiri kalibu ipoe, pitisha kidole ndani; utausikia mkwaruzo, uusugue kwa msasa laini. Kalibu za chuma zinazoachwa karibu na bahari zinapata kutu yenye vishimo, na vishimo hivyo vinaing'ang'ania risasi. Baada ya kazi zipake mafuta kidogo, na kumbuka kuyatoa siku nyingine, kwa sababu ndiyo yale mafuta ya kasoro ya kwanza.

Risasi inakuwa uji. Haimiminiki, inadondoka kwa mabonge, utando unarudi kila ukiuengua, na ukiongeza moto inalainika kidogo kisha inarudi vile vile. Hapa ndipo risasi yenyewe inaposhukiwa, na jibu karibu kila mara ni zinki. Sijawahi kuiokoa sufuria ya namna hiyo kwa moto wa uani. Imimine yote kwenye kalibu kubwa ya mchanga mkavu, iwe mzigo wa nanga ya ngalawa au wa kamba ya chini ya jarife, mahali ambapo umbo si kitu. Safisha sufuria mpaka chuma chake kionekane kabla ya kuanza na risasi nyingine, la sivyo zinki inahamia huko.

Kishikio kinang'oka. Waya wa kufungia mshipi umechomoka kwenye chubwi. Tumia waya wa shaba, ukunje mkia wake ndani kama ndoana, usiuache umenyooka. Ufute mafuta, uupashe moto kabla ya kuuweka kwenye kalibu, kwa sababu waya baridi unagandisha risasi kuuzunguka na kubaki umevaa koti lililolegea. Waya wa kawaida wa kufungia nondo usiutumie. Kutu inaumaliza ndani ya msimu mmoja na chubwi linabaki mwambani na mshipi nusu. Kama chubwi lako ni la tundu la kupitisha mshipi, pitisha kichwa cha msumari mnene kwenye midomo yote miwili ya tundu, uizungushe mpaka iwe laini. Mdomo mkali unakata nailoni kimya kimya, nawe utadhani ni chewa.

Baada ya moto kuzimika

Acha risasi iliyobaki igande sufuriani au uimimine kwenye kikombe cha chuma. Usiibebe ikiwa ya majimaji, hata hatua mbili. Machubwi yapoe yenyewe juu ya bati. Wanaoyatumbukiza kwenye ndoo ya maji ili wawahi wanaleta maji karibu na sufuria kwa ajili ya kuokoa dakika kumi.

Mavi ya risasi yaliyo kwenye kopo yasimwagwe uani, wala kwenye mikoko, wala baharini. Kopo langu ninalifunga na kumpa mnunuzi wa vyuma chakavu pamoja na betri kuukuu, ananunua yote kwa kilo. Mahali ulipokaa usifagie kukavu. Jiko na sufuria vikishapoa kabisa, nyunyiza maji, kisha kwangua na uzoe.

Nawa mikono kwa sabuni na maji baridi mpaka kwenye kiwiko, safisha kucha, kabla hujagusa sigara, tambuu, maji ya kunywa au mtoto. Nguo zifuliwe peke yake. Na lile jambo ambalo karibu sote tumelifanya tangu utotoni, la kubana chubwi dogo kwenye mshipi kwa meno, liache leo. Koleo ndogo inakaa kwenye kikapu cha ndoana bila kuchukua nafasi. Machubwi yenyewe yawe na mfuko wake wa turubai, yasichanganyike na chambo wala na mkate wa safari, na kikapu kikirudi nyumbani kitundikwe juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Kabla hujayapeleka baharini, chukua kila chubwi ulifunge kwenye kipande cha mshipi ule ule utakaoutumia, ukanyage chubwi, uvute kwa nguvu zako zote. Litakaloachia liachie hapo uani.